Kupachika Mafungu ya Diski: Uhakiki wa Lugha ya Usakinishaji katika Mazingira ya Kabingo, Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha ya hatua moja ya usakinishaji wa mifumo endeshi ya jamii ya Unix, yaani hatua ya kugawa diski na kupachika mafungu yake. Eneo la marejeleo ni Kabingo, wilayani Isingiro, pamoja na makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara, nchini Uganda. Hoja kuu ni kwamba hatua hiyo ndiyo inayoamua kama nyaraka za mtumiaji zitabaki salama siku mfumo utakaposakinishwa upya. Istilahi zinazotumika katika Kiswahili na ushauri ambao visakinishi humpa mtumiaji mpya, vyote viwili, havimsaidii mtu asiye na kifaa cha pili cha kuhifadhia kazi zake. Makala inapendekeza vitenzi vitatu vinavyotofautiana waziwazi, na inashauri kwamba kazi ya kutafsiri kisakinishi ihusishe pia kusahihisha ushauri wake.

Maneno muhimu: istilahi, usakinishaji, fungu la diski, kupachika, Nakivale

1.0 Utangulizi

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo yana zaidi ya watu laki moja waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Kwa wengi wao, hasa waliotoka Kongo ya mashariki na Burundi, Kiswahili ndicho kiungo cha sokoni, kanisani, msikitini na darasani. Upande wa pili wa ukanda huu uko Mbarara, jiji tangu Julai 2020, lenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989. Kabingo imo katika ukanda huo, katika wilaya ya Isingiro iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Kijana wa eneo hili anaweza kusikia Kinyankore, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza kwa siku moja, na kompyuta anayoikuta mara nyingi ni ya mtumba, tena ya watu wengi.

Hali ya sera imebadilika pia. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia utekelezaji wa uamuzi huo na ufundishaji wa Kiswahili shuleni. Kwa hiyo swali la Kiswahili gani kitatumika katika mafunzo ya kompyuta limekuwa la kiutendaji.

Kazi ya kutafsiri programu huria kwa Kiswahili haianzi leo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa mwaka 2004 na kuandaa istilahi zilizoifanya kazi hiyo iwezekane. Inafaa kuangaliwa, hata hivyo, kwamba jina la mradi lilitaja mfumo endeshi ilhali zao lake la kwanza lilikuwa programu za ofisini. Kuandika barua kulitangulia, kusakinisha mfumo kukabaki nyuma. Mpangilio huo ulieleweka, kwa kuwa waandikaji wa barua ni wengi kuliko wasakinishaji. Lakini matokeo yake ni kwamba mahali penye hatari kubwa zaidi ya kupoteza kazi ndipo penye Kiswahili kichanga zaidi.

2.0 Vitendo vitatu vinavyochanganywa

Ili uhakiki ueleweke, ni muhimu kutenganisha vitendo vitatu vinavyokaa katika ukurasa mmoja wa kisakinishi.

Cha kwanza ni kugawa. Diski hupimwa na kukatwa mafungu, na mipaka huandikwa katika jedwali mwanzoni mwa diski. Jedwali la kale, lililokuja na kompyuta za IBM mwaka 1983, linaruhusu mafungu makuu manne tu na, kwa diski za kawaida, haliwezi kuhesabu zaidi ya takribani terabaiti mbili. Jedwali jipya, GPT, kwa kawaida lina nafasi ya mafungu 128. Cha pili ni kuumbiza: fungu hupewa muundo mpya wa kuhifadhi faili, kwa mfano ext4, na njia ya kuyafikia yaliyokuwamo hupotea. Cha tatu ni kupachika: fungu lililokwisha kuumbizwa hupewa mahali katika mti mmoja wa saraka unaoanzia kwenye mzizi, yaani alama ya mkwaju.

Hapa ndipo Unix inapotofautiana na Windows. Katika Windows kila fungu kwa kawaida hupewa herufi na kusimama peke yake, kama nyumba zenye milango tofauti. Katika Unix mti ni mmoja. Fungu la pili likipachikwa kwenye saraka ya /home, mtumiaji haoni mpaka wowote anapoingia. Anaona saraka tu. Ritchie na Thompson, katika maelezo yao ya mwaka 1974 kuhusu mfumo huo waliouanzisha katika maabara za Bell, walieleza tendo hili kuwa ni kuondoa jani la mti na kuweka badala yake tawi zima jipya.

Sifa nne za tendo hili zinapaswa kuhifadhiwa na istilahi yoyote. Kwanza, kupachika hakuhamishi data. Pili, hakufuti chochote. Tatu, kunafunika: kama saraka inayopachikiwa ilikuwa na faili, faili hizo hazionekani mpaka fungu litolewe. Nne, kunatenguliwa, na kunapaswa kutenguliwa kwa utaratibu, kwa sababu mfumo huweka maandishi kwenye kumbukumbu kabla ya kuyapeleka diskini. Anayechomoa kifaa kabla ya kukitoa katika mti huenda akaondoka na faili isiyokamilika.

3.0 Uhakiki wa istilahi

Neno la Kiingereza linalotumika kwa kupachika lina asili ya mikono. Waendeshaji wa mashine kubwa za zamani walibeba tepu na pakiti za diski, wakaziweka juu ya vifaa vyake, kisha wakaijulisha mashine. Tendo la mikono limetoweka, neno limebaki. Kifaransa, ambacho wengi wa wakimbizi wa Kongo na Burundi walisomeshwa, kinatumia kitenzi chenye maana ya kupanda juu. Mfasiri wa Kiswahili anayefuata lugha mojawapo kati ya hizo ataishia kwenye "kupandisha" au "kupanda". Hapo matatizo huzidi, kwa kuwa "kupanda" kwa Kiswahili ni kukwea na pia ni kutia mbegu ardhini. Mkulima wa Isingiro akiambiwa kwamba fungu "limepandwa" ana haki ya kutarajia kwamba litaota.

Neno la pili linalosikika ni "kuunganisha". Udhaifu wake ni wa aina mbili. Limekwisha kuajiriwa na mtandao, hivyo mwanafunzi hufikiri anahitaji intaneti. Tena linadokeza kwamba vitu viwili vimekuwa kimoja. Mafungu yaliyopachikwa hayawi kitu kimoja: kila moja hubaki na ukubwa wake, na moja linaweza kujaa huku jingine likiwa tupu. Mtumiaji anayeambiwa diski imejaa, ilhali anaona nusu ya nafasi iko wazi, anateseka kwa sababu ya kitenzi.

Neno la tatu ni "kupandikiza". Linavutia kwa kuwa linaendana na sitiari ya mti, lakini mche uliopandikizwa umehama kitalu, na haupandikizwi ili urudishwe jioni. Sifa ya kwanza na ya nne zote mbili zinavunjika. Kuna pia umbo la mkopo, "kumaunti", ambalo mafundi hulitumia bila taabu. Halina kosa kwa anayelijua tendo. Kwa asiyelijua halimwambii lolote.

"Kupachika" kunashinda kwa sababu kunatokana na kazi inayofahamika. Mpini hupachikwa katika tundu la jembe. Mpini hauwi jembe, wala jembe haliwi mpini. Vinafanya kazi pamoja vikibaki viwili. Lililomo ndani ya tundu halionekani mpaka mpini utolewe. Na lugha inacho kitenzi cha kutengua, "kupachua", hivyo kanuni muhimu inasemwa kwa maneno machache: pachua kabla ya kuchomoa. Mnyambuliko nao unakubali: "mahali pa kupachikia" ni saraka inayopokea fungu. Pingamizi lililopo ni kwamba "kupachika" kunatumika pia kwa kuweka picha au ujumbe mtandaoni. Muktadha wa diski unatosha kutenganisha maana hizo.

Kuhusu kipande chenyewe cha diski, "kizigeu" kinataja pazia au ukuta unaogawa chumba, na si chumba. "Mgawo" unataja tendo la kugawa, na katika makazi ya wakimbizi umeshikwa na chakula. "Sehemu" ni pana mno. "Fungu" linafaa zaidi: ni kiasi kilichotengwa, chenye mpaka wake, kama fungu la nyanya sokoni.

Lililobaki ni "kuumbiza", na hapa tatizo ni uzuri wa neno. Limetokana na umbo, linasikika kama kutengeneza. Halina dalili ya hasara. Kisakinishi kinapouliza iwapo fungu liumbizwe, mtu mwenye nia njema atajibu ndiyo, kama ambavyo angejibu akiulizwa iwapo nyumba ipakwe chokaa. Neno linaweza kubaki, mradi lisisimame peke yake. Kiswahili cha swali hilo kinapaswa kuwa: "Umbiza fungu hili na upoteze yaliyomo?" Upande wa pili wa chaguo uandikwe: "Hapana, bakiza yaliyomo." Kisakinishi cha Debian tayari kinatofautisha majibu hayo mawili katika ugawaji wa mkono; tafsiri isilegeze tofauti hiyo.

4.0 Ushauri na msomaji aliyekusudiwa

Kila matini ina msomaji iliyomkusudia, na kisakinishi ni matini. Katika ugawaji wa kuongozwa, Debian hutoa machaguo yanayojumuisha kuweka faili zote katika fungu moja na kutenga fungu la /home. Chaguo la kwanza huandikwa kwamba ndilo linalopendekezwa kwa watumiaji wapya. Sababu zake si mbaya. Fungu moja halimlazimishi mtu kukisia ukubwa, na mtu asiyejua saraka hana haja ya kuzijua siku ya kwanza.

Ushauri huo, hata hivyo, unamkusudia mtumiaji mpya mwenye nakala mahali pengine: diski ya nje, kompyuta ya pili, au intaneti ya kutosha kupandisha faili zake. Mfumo wake ukiharibika, atafuta vyote, atasakinisha upya, kisha atarudisha nakala. Katika Nakivale upya wa mtumiaji na ukosefu wa kifaa cha pili huja pamoja. Kwa mtu huyo fungu moja lina maana kwamba njia rahisi ya kuutengeneza mfumo, yaani kuusakinisha upya kwa kuumbiza, ndiyo njia ya kupoteza picha ya cheti cha shule, barua ya maombi na maelezo aliyoyaandika kuhusu sababu za kukimbia. Fungu la /home likitengwa, mzizi huumbizwa, /home hubakizwa na kupachikwa tena mahali pake, na kazi inaendelea. Kwa hiyo mtumiaji ambaye kisakinishi kinamwondolea chaguo hili kwa kumhurumia ndiye analolihitaji zaidi.

Sitiari ya ardhi inaweza kusaidia kulieleza jambo hili, kwa kuwa sera ya Uganda huwapa wakimbizi wa makazini viwanja vya kuishi na kulima, na upimaji wa kiwanja si jambo geni kwao. Nyumba inaweza kubomolewa na kujengwa upya bila kung'oa shamba lililo pembeni, mradi mpaka uliwekwa mapema. Lakini sitiari hiyo ina mwisho wake. Kiwanja hakihami, fungu lilelile linaweza kupachikwa leo kwenye /home na kesho kwenye saraka nyingine, au katika kompyuta nyingine kabisa. Mwalimu anayeifuata sitiari hadi mwisho atamfanya mwanafunzi aamini kwamba mahali pa kupachikia pamechorwa diskini. Kwa kawaida pameandikwa katika faili ya mfumo, /etc/fstab.

5.0 Mashine moja, watu wengi

Faili hiyo huandika kila fungu katika mstari mmoja wenye nyanja sita: kifaa, mahali pa kupachikia, aina ya muundo, masharti, na tarakimu mbili za mwisho zinazohusu nakala na ukaguzi. Mambo matatu katika mstari huo yana uzito wa pekee kwa maabara ya pamoja.

La kwanza ni utambulisho. Jina kama /dev/sda hufuata mpangilio ambao mfumo umevigundua vifaa, na linaweza kubadilika diski nyingine ikichomekwa. Namba ya UUID hukaa ndani ya fungu na kwenda nalo. Penye diski zinazohamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, namba hiyo ndiyo ya kuaminiwa.

La pili ni sharti la "nofail". Mstari unaotaja diski ya nje bila sharti hili huufanya mfumo unaotumia systemd kuisubiri diski hiyo, kwa kawaida sekunde 90, kisha kuingia katika hali ya dharura yenye maandishi meupe na swali la neno la siri. Mtu mmoja ameondoka na diski yake. Darasa zima linadhani kompyuta imekufa.

La tatu ni la umiliki, nalo halionekani katika ukurasa wa kugawa diski hata kidogo. Faili katika fungu la /home hazihifadhi jina la mwenyewe. Huhifadhi namba yake. Majina na maneno ya siri hukaa katika fungu la mzizi, ambalo limeumbizwa. Ichukuliwe kompyuta ya watu watatu, waliosajiliwa kwa zamu na kupewa, kama ilivyo kawaida ya Debian, namba 1000, 1001 na 1002. Baada ya usakinishaji mpya, wakisajiliwa kwa zamu tofauti, wa pili anaweza kupewa namba ya wa kwanza na kuwa, machoni pa mfumo, mmiliki wa nyaraka za mwenzake. Data imesalimika, faragha imevuja. Orodha ya namba na majina iliyoandikwa kwenye karatasi kabla ya kuumbiza inatosha kuzuia hilo, lakini lazima mwongozo uitaje.

Faragha ina upande mwingine pia. Ruhusa za faili hulindwa na mfumo uliolipachika fungu. Anayewasha kompyuta kwa mfumo mwingine kutoka kwenye flashi, akiwa na mamlaka ya msimamizi, anaweza kulipachika fungu hilohilo na kusoma kila kitu. Kwa mtu ambaye maelezo yake ya ukimbizi yanataja watu waliobaki nyuma, fungu lililosimbwa, lisilofunguka bila neno la siri, ni kinga ya watu hao. Ikumbukwe kwamba neno hilo likisahauliwa, hakuna fundi wa Mbarara wala wa kwingineko atakayelifungua.

6.0 Hoja za kuzingatiwa

Pendekezo la kutenga /home lina gharama. Katika mashine ndogo yenye hifadhi ya gigabaiti 32, mzizi unaweza kujaa kwa masasisho huku /home ikiwa na nafasi isiyotumika, na kubadilisha mipaka baadaye ni kazi yenye hatari yake. Ziko mbinu za kupunguza ugumu huo, kama LVM, lakini zinaongeza tabaka jingine la kufundisha. Inawezekana kwa mashine kama hiyo fungu moja, pamoja na flashi ya nakala, likawa uamuzi bora. Kinachodaiwa hapa ni kwamba uamuzi huo ufanywe kwa kujua kilichomo hatarini.

Aidha, fungu lililotengwa si nakala. Diski ikifa, mafungu yote hufa pamoja. Kufundisha kutenga /home bila kufundisha kunakili kungekuwa kumpa mtu imani ya uongo. Na ni haki kukiri kwamba Debian huonyesha orodha ya mabadiliko na kuomba uthibitisho kabla ya kuyaandika diskini. Tahadhari ipo, isiposomeka kwa lugha ya msomaji, inabaki kuwa kitufe cha kubonyeza ili kuendelea.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba ugumu wa hatua ya kupachika mafungu unatokana kwa kiasi kikubwa na lugha: vitendo vitatu vimevikwa maneno yanayoingiliana, na ushauri umeandikwa kwa ajili ya msomaji mwenye akiba. Mapendekezo manne yanafuata.

Kwanza, taasisi za istilahi za Jumuiya na watafsiri wa programu huria wakubaliane juu ya fungu, kugawa, kuumbiza, kupachika na kupachua, na maneno hayo yajaribiwe na wasemaji wa Kiswahili cha Kivu na cha Bujumbura kabla ya kusanifishwa. Pili, swali la kuumbiza litaje hasara ndani ya sentensi yenyewe. Tatu, maneno "kwa watumiaji wapya" yabadilishwe yaeleze sharti halisi: fungu moja kwa mwenye nakala mahali pengine, /home iliyotengwa kwa asiye nayo. Nne, mafunzo yanayotolewa makazini na vyuoni yaanze na karatasi: mchoro wa mafungu, mahali pa kupachikia kila moja, namba ya kila mtumiaji, na tarehe ya nakala ya mwisho.

Karatasi hiyo haihitaji umeme wala bajeti. Ikikunjwa na kubandikwa chini ya kompyuta, fundi atakayeifungua mwaka ujao atajua, kabla ya kubonyeza lolote, ni fungu lipi la kuumbiza na ni lipi la kuacha.